Ingobyi Haihesabiwi Mabega: Maisha ya Venanti Niyomwungere, 1972–2025

Baba Paroko, viongozi wa serikali, wazee wetu, majirani, na ninyi madereva mliofunga vijiwe kuanzia Kasulu mpaka Kibondo mkaja hapa Rubanga leo: familia inasimama mbele yenu kumwelezea mtu ambaye wengi mlimwita Mzee Taarifa. Jina alilopewa na wazazi wake ni Venanti Niyomwungere.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, njiani. Tunasema njiani kwa sababu hakuna jina lingine la mahali pale. Wazazi wake, mzee Nduwayezu na mama Consolée Ininahazwe, walikuwa wanakimbia mauaji ya Burundi. Walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka upande wa Mabamba, wilayani Kibondo, uchungu ukamkamata mama mteremkoni. Watu wa kijiji cha kwanza hawakuuliza hawa ni akina nani. Walileta ingobyi, ile machela yetu ya miti na kamba, wakamlaza, wakaanza kupanda naye mlima. Nanyi mnaijua desturi: ukikutana na ingobyi njiani unatua mzigo wako, unapokea bega, hata kama mgonjwa humjui, hata kama na watu wake mmenuniana. Mama Consolée alisimulia mpaka uzeeni kwamba aliondoka na wabebaji wanne akafika na wengine kabisa, na kwamba mtoto alitoa kilio chake cha kwanza akiwa juu ya watu. Ndiyo maana Venanti akiulizwa kwao ni wapi, Burundi au Tanzania, alijibu, "Mimi nilizaliwa mabegani."

Alisoma shule ya msingi huko huko Mabamba, mwaka 1981 hadi 1987. Hakuendelea na sekondari; nafasi zilikuwa chache na karatasi za familia hazikuwa zimekaa sawa. Lakini kusoma hakukumtoka. Zamani sukari ya dukani ilifungwa kwa vipande vya magazeti, na Venanti alikuwa akisoma kipande mpaka mahali kilipochanika, kisha anarudi dukani kumuuliza mwenye duka ni nani amepewa kipande kinachofuata. Dada yake Firdausi, aliyesilimu alipoolewa Ujiji na ambaye tuko naye hapa, anasema walitumwa sukari wakarudi jioni, kwa sababu kaka mtu alikuwa anazunguka nyumba za watu akifuatilia habari moja.

Mwaka 1994 alihamia hapa Rubanga, jirani na Makere, kulima mahindi na maharage. Sokoni alimwona Apoline akihangaika na gunia la maharage. Akalifunga gunia kwenye baiskeli yake, halafu akamwambia, "Dada, baiskeli hii haina breki, siwezi kukupakia. Tutembee." Wakatembea hadi nyumbani kwao Apoline, na si karibu. Walifunga ndoa katika Kanisa Katoliki Makere tarehe 24 Agosti 1996, na ni baada ya harusi tu ndipo bibi harusi alipogundua kwamba breki za baiskeli ile zilikuwa nzima kabisa. Apoline ametuagiza tuliseme hili mbele ya watu, ili ijulikane kuwa Mzee Taarifa naye aliwahi kutoa taarifa ya uongo.

Mwaka 2010 alinunua pikipiki na kuanza kazi ya bodaboda katika kijiwe cha Makere. Alikuwa dereva wa kuchosha. Hakutoka bila kukagua taa, na hakumpakia mtu aliyekataa helmeti. Siku moja tairi lilimpasukia akaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kijiweni, jua kali, helmeti kichwani na kamba zimefungwa kidevuni. Rafiki yake Haidari akamuuliza, "Wewe, unaogopa kugongwa na miguu yako mwenyewe?" Kijiwe kizima kilicheka juma zima.

Siku iliyomgeuza ilikuwa tarehe 12 Novemba 2013. Rosa, jirani yetu hapa Rubanga, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Venanti alimweka katikati, na mama mkwe wa Rosa akakaa nyuma kumshika. Watu watatu juu ya pikipiki ni mshikaki, na mshikaki ni kosa. Kila dereva analijua hilo kabla hajajua kubadili gia. Njiani askari akawasimamisha. Hakuwa mtu mbaya, na Venanti alitukataza daima kumsema vibaya. Askari alisema, "Mzee, sheria inataka abiria mmoja. Mmoja ashuke."

Mama mkwe akashuka. Walichukua kitenge chake wakamfunga Rosa mgongoni kwa Venanti, namna mama anavyombeba mwanawe, na Venanti akaondoka polepole, akisimama kila Rosa alipolegea ili amkaze upya. Rosa alifika kituo cha afya akiwa hai. Mtoto hakufika. Rosa yuko nasi leo na ametupa ruhusa ya kulitaja hili. Mama, tunakushukuru.

Kesho yake vijana wa kijiwe walitaka kwenda kufunga barabara. Venanti akawaambia, "Aliyemshusha mama mkwe si askari, ni sheria. Twendeni tukaongee na sheria."

"Sheria inakaa wapi," Haidari akauliza, "tukaipigie hodi?"

"Dodoma. Lakini ina wadogo zake hapa Kasulu."

Hakuna aliyedhani anasema kweli. Lakini mwaka uliofuata Venanti alipata uraia wa Tanzania, nchi aliyokaa tangu siku aliyozaliwa, na mtu aliyeambiwa miaka arobaini kwamba nchi si yake, siku anapopewa huishika kwa mikono miwili. Alifunga redio ndogo kwenye pikipiki kwa mpira wa tyubu, na Bunge likikaa, kijiwe cha Makere nacho kinakaa, kitake kisitake. Vijana wanataka mpira, wanataka muziki, yeye anataka kujua muswada gani umesomwa mara ya kwanza, upi uko kwenye kamati, upi unangoja kusomwa mara ya pili. Neno lolote la barabara likitajwa aliinua mkono na kusema, "Taarifa!" Ndiyo asili ya jina. Hata nyumbani, wali uko mezani, mkono unapanda: "Taarifa!" Na Apoline alimjibu kama anavyojibu Spika: "Muda wako umekwisha, mheshimiwa. Kaa ule."

Alizunguka vijiwe vya Kasulu, Buhigwe, Kibondo, akafika mpaka Gwarama kwa mafuta yake mwenyewe, akiwaeleza madereva haki zao: askari anaweza kukuuliza nini, na wewe unajibuje bila ugomvi. Aliwaeleza pia wasiyotaka kuyasikia, ya leseni na ya pombe. Kisha akawaomba jambo zito kuliko yote. Mpaka sheria ibadilike, hakuna kupakia mshikaki hata kwa mgonjwa. Mgonjwa asiyeweza kujishika atafutiwe gari, na gari likikosekana abebwe kwa ingobyi, na madereva ndio wawe wa kwanza kutoa mabega. "Hatuwezi kuiomba sheria itupishe huku tunaikanyaga," alisema. "Watasema tunatafuta kisingizio." Wengine walimtukana. Wengi waliapa, na walikitimiza kiapo. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunaogopa kiapo kile, na leo hatuoni aibu kukiri kwamba hatukuwa na imani kubwa kama ya kwake.

Machi 2017 alifanya lile ambalo bado linasimuliwa. Aliomba kibali polisi, akakipata, akawaongoza madereva mpaka kwenye ofisi za halmashauri wakiwa wamebeba ingobyi iliyofunikwa shuka. Madiwani walikuwa wametoka kunywa chai. Walipoiona ingobyi inaingia getini, waliweka vikombe chini. Mmoja alisema, "Mana yanje, Mungu wangu, ni nani tena?" lakini hakungoja jibu. Wakateremka ngazi na suti zao, wakapokea mabega, wakaipeleka taratibu hadi kivulini na kuitua kama inavyotuliwa. Ndipo shuka likafunuliwa. Ndani hapakuwa na mtu.

"Mnatufanyia mzaha?" akauliza diwani mmoja kwa hasira.

Venanti alivua helmeti. "Hapana, waheshimiwa. Mmebeba bila kuuliza aliyemo ni nani, na hakuna aliyeuliza wabebaji wanaruhusiwa wangapi. Ingobyi haihesabiwi mabega. Wazee wetu walibeba kwa miti, sisi watoto wao tunabeba kwa pikipiki. Tunaomba bega moja tu la nyuma, la kumshika mgonjwa asianguke."

Halmashauri ilikubali ombi lile siku hiyo hiyo, kisha mwanasheria akaeleza, kwa haki kabisa, kwamba sheria ndogo haiwezi kupita juu ya sheria ya nchi. Tulidhani Venanti atavunjika moyo. Yeye alirudi akisema, "Basi sasa tumejua mlango ni upi."

Mwaka 2022 aliupigia hodi mlango huo. Alikwenda Dodoma na koti la kuazima la Haidari, mikono imemfunika vidole, akatoa maoni mbele ya kamati. Aliporudi alisimama kijiweni, akainua mkono: "Taarifa. Wamenisikiliza." Hakuongeza neno, akaenda kukagua taa zake. Mtoto aliyefika nchi hii akiwa hana hata pa kuzaliwa alikuwa amekaa kwenye kiti akizungumza na wanaotunga sheria zake. Kifungu alichokiomba kiliandikwa kwenye mapendekezo, na tangu hapo alikifuatilia kikao baada ya kikao, kama alivyofuatilia vile vipande vya gazeti.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 3 Aprili 2025, alikuwa kwenye maharage yake alipopatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Mvua ilikuwa imelivunja daraja la mbao, gari lisingeweza kufika Rubanga. Haidari alivusha pikipiki juu ya magogo, akataka mgonjwa akae katikati na Apoline nyuma. Venanti alinyoosha mkono wa kushoto, akapigapiga kiti cha pikipiki, akainua kidole kimoja.

Haidari alilia. "Mzee, leo tu. Acha leo nikamatwe mimi."

Kidole hakikushuka. Apoline alikasirika, na anataka mjue kwamba alikasirika. Alimwambia, "Yewe Venanti, utakufa kwa ajili ya kifungu?" Venanti akamtazama tu. Wameishi pamoja miaka mingi, Apoline akaelewa. Akawageukia vijana akasema, "Leteni ingobyi."

Ni ile ile ya mwaka 2017. Madereva waliacha pikipiki kando ya njia, funguo zikining'inia, wakambeba. Rosa akasogea mbele. Kwa desturi yetu wanawake hawabebi ingobyi, na mzee mmoja akataka kumzuia. Rosa alisema, "Nipisheni. Huyu alinibeba mgongoni." Akapewa bega la mbele. Mlimani wakakutana na Séverin, Mkongomani anayefanya biashara ndogo Nyarugusu, akatupa kapu lake la samaki majanini: "Munipe na miye, niko na nguvu!" Kila kijiwe walichopita kiliwapokea. Walipofika barabara kuu, askari wa zamu, kijana asiyemfahamu Venanti hata kwa jina, alisimamisha malori pande zote mbili. Kisha akavua kofia, akamkabidhi mama wa ndizi, akapokea bega mpaka mlango wa kituo cha afya.

Kutoka hapo gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali mjini Kasulu, na madaktari walifanya yote waliyoweza, tunawashukuru. Kama angefika mapema zaidi ingekuwaje, hatujui. Apoline anasema swali hilo atalibeba, na sisi tumemwambia hatalibeba peke yake.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 6 Aprili, Venanti aliinua mkono wa kushoto kama anavyofanya mezani. Kwa shida akasema, "Taarifa." Apoline alikuwa amekaa kando yake. Akamjibu, "Endelea, mheshimiwa. Muda bado upo." Nusu ya uso wake ilitabasamu. Hakuendelea.

Marehemu ameacha mjane, Apoline, watoto watatu, Maximilla, Elie na Consolée, wajukuu watano, na dada yake Firdausi. Ameacha pia kifungu ambacho bado hakijapita. Redio yake amekabidhiwa Haidari, ambaye amekuwa akiilaani miaka kumi na mmoja. Bunge linakaa wiki hii, na tumeambiwa jana kijiweni aliyetaka kubadili stesheni alifukuzwa.

Leo Venanti hatapanda gari kwenda makaburini. Ingobyi iko mlangoni. Njia ina matope na mlima ni mrefu, kwa hiyo msipange foleni wala msiulize zamu ni ya nani. Kila mwenye bega alete.

Baba yetu Venanti, uliyekuja mabegani na unayeondoka mabegani, pumzika kwa amani. Muda bado upo.