Mama Jaji Nzigire na Vijana Wake wa Ruzizi

Wachungaji, wazazi, ndugu na jamaa, na ninyi vijana wa Ruzizi mliojaza viti vya nyuma kwa mabega yenu, mimi ni Donati, mdogo wake marehemu, natoka Louisville, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu, ijapokuwa yeye mwenyewe angekuwa amekwisha kunisahihisha mara tatu kabla sijafika hapa.

Nzigire Chimène alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 23 Agosti 1955, akasoma sekondari Bukavu, sheria Kinshasa hadi mwaka 1979, na kuanzia 1981 hadi 1983 akasomea sheria ya Ulaya kule Liège, Ubelgiji, ambako alimkuta kijana wa kwetu aitwaye Eliezer akigaragara matopeni kwenye mchezo wa raga, akamcheka sana, na tarehe 14 Julai 1984 wakafunga ndoa Bukavu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Zéphyrin, Précieuse na Zita.

Septemba mwaka huo aliapishwa kuwa jaji, na kwa miaka ishirini aliamua kesi za mashamba na urithi huku akitaja hukumu za mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, mpaka mawakili wa Bukavu wakambandika jina la Jaji wa Ulaya, wakicheka, lakini wakinakili. Alishikilia kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa, na kwamba adhabu isizidi kosa. Vita vya Juni 2004 vilimtoa kwenye kiti hicho, akaishi kambini Uganda miaka mitano, na tarehe 17 Novemba 2009 familia ikapokelewa hapa Marekani, mjini Buffalo, ambako jaji aliogesha wazee kwa mshahara wa saa, wala hakuona aibu.

Aprili 2012 yeye na shemeji Eliezer walianzisha Ruzizi, klabu ya raga kwa vijana wakimbizi wa mtaa wao wa West Side, shemeji akiwa kocha, dada akiandika katiba ya vifungu arobaini na saba kabla klabu haijapata hata mpira. Msimu wa kwanza walifungwa mechi zote. Mei 2015 wakafika fainali ya vijana wasiozidi miaka kumi na tisa, ndipo ikaja barua ya kamati ya mashindano kutoka Columbus, kwamba wachezaji kumi na mmoja kati ya kumi na watano wamezaliwa tarehe mosi Januari, hati zao ni za kughushi, klabu imefutwa. Vijana walilia kwa kuitwa waongo, nami nilimpigia dada simu nikamwambia aache, hii si nchi yetu, na leo natubu mbele yenu.

Tarehe 19 Mei alishuka basi Columbus akiwa bado na sare ya kazi, akamwambia kapteni wake Mutware mlangoni, “Bon, mutoto yangu, leo hatuangushe mutu, leo tunaongea,” akaingia mbele ya wajumbe watano. Aliweka mezani kitambulisho chake, mosi Januari, na cha mumewe, mosi Januari, akaeleza kwamba kambini karani humwandikia hivyo kila asiyekuja na cheti, kisha akatoa kumbukumbu za ubatizo na za shule za vijana wote kumi na mmoja, akadai haki ya kusikilizwa, akitaja hukumu za Ulaya kutoka kichwani, miaka kumi na moja tangu avue joho. Kura zikawa nne kwa moja, klabu ikarudishwa.

Tarehe 30 Mei, fainali ikichezwa kwetu Louisville, wamama wa mtaa wetu wa Iroquois wakipiga vigelegele hadi refa akasimamisha mchezo kuuliza kuna nini, Ruzizi ilishinda 19 kwa 17, na dada akabebwa juujuu akilalamika kwamba kifungu cha thelathini na mbili kinakataza. Sijawahi kujivunia mtu namna ile.

Februari 2016 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akahamia kwa Zéphyrin, Westerville, jirani na Columbus, akaugua kwa uvumilivu, na tarehe 12 Septemba 2016, saa nne asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa West Side, na wafanyakazi wenzake waliokuja kwa mabasi mawili. Tunamshukuru pia yule mjumbe mmoja aliyempinga kwa kura yake, ambaye amesimama pale karibu na mlango, na ambaye jana alituomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza. Tulimsikiliza hadi mwisho, kisha tukamkubalia.

Nenda mshindi, Mama Jaji, upumzike kwa amani ya Bwana.