Mawe Tuliyoyapiga Lipu

Mheshimiwa mgeni wetu kutoka wilayani, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu shikamooni, kina mama wenzangu wa Pande, na wewe Ndugu Nikodemu, mtaalamu wa mradi wetu wa pweza, tunayekuaga leo.

Naanza kwa kuomba radhi. Taarifa ya kikundi, mimi katibu nilipaswa kuiandika miezi minne iliyopita. Nina mtoto mchanga, usingizi siujui, lakini si yeye aliyenichelewesha. Ni aibu.

Mnakumbuka tulivyozamisha mawe pale ufukweni ili pweza wapate makazi? Nusu yalikuwa meusi, magumu, ya machimbo ya mbali. Nusu ni haya ya matumbawe makavu tunayochimba mashambani kuchomea chokaa. Ndugu Nikodemu alisema, "Tuone viumbe watapenda lipi." Mwaka ukapita, tukayaona yote utelezi mtupu. Watu wakamcheka: "Bwana Mawe, pweza wamekuhama!" Na leo mradi unafungwa, naye anaondolewa kwa kushindwa.

Hakushindwa. Alipokuwa safarini, mimi niliwaambia wenzangu tuyapige lipu yale mawe ya matumbawe, yasituchane miguu. Bi Mboni akaniuliza, "Mwanangu, pweza naye anataka sakafu?" Nikamjibu, "Bibi, kazi ya kikundi lazima ipendeze." Tukaziba kila tundu. Sasa mwani ungeshika wapi? Kaa angejificha wapi? Na pasipo kaa, pweza afuate nini?

Lipu ilituishia yakiwa yamebaki mawe sita. Juzi, maji ya bamvua yalipokupwa, nikayaendea. Yamevaa mwani na sifongo, chaza wamebanana hadi chini, na ndani ya tundu moja pweza analinda mayai yake. Nilipoinama akanirushia maji usoni. Mama mwenzangu, nikamwachia nafasi. Hatua tatu kutoka hapo, jiwe jeusi lilikuwa na utelezi tu. Bahari ni ileile, jua ni lilelile. Kilichotofautiana ni jiwe.

Mheshimiwa, taarifa hii hapa, imesainiwa. Usifunge faili kabla hujaisoma.

Nawashukuru nyote kwa subira mliyonipa. Tunachohitaji bado ni hiki: nyundo nane na patasi nane za kubandulia lipu, glavu jozi kumi na mbili, lori moja la matumbawe makavu ya mashambani, si ya magofuni wala ya mwamba ulio hai, na Ndugu Nikodemu, kwa mwaka mmoja zaidi.