Kitabu cha Kuanza Nacho

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Mchungaji uliyetufungulia kwa sala, Mwenyekiti na kamati ya ushirika wa kahawa, walimu wenzangu, wazee, akina mama na vijana wa Kanja, hamjambo? Na ninyi mliotoka Manyatta, na barabara ilivyo, poleni na karibuni.

Mmeniita mniage, na ratiba inasema nizungumze kuhusu waandishi wetu wa siku hizi na kitabu gani mtu aanze nacho. Ni mada tamu. Lakini kuna jambo jingine mbele yetu. Nikimaliza kusema, mtapiga kura kama chumba hiki cha kusomea, mlichonipa nikitunze tangu nistaafu ualimu, kibaki cha vitabu au kirudi kuwa stoo ya mbolea. Leo namkabidhi binti yetu Kendi ufunguo, na nasema wazi kwamba naogopa huenda namkabidhi ufunguo wa stoo.

Hoja hiyo imeletwa na Mzee Kinyua, yule pale mbele, na simlaumu. Mkutanoni alisema, "Vitabu ni ya watu wa digrii. Sisi wakulima tunataka mahali ya kuweka mbolea isinyeshewe." Mkampigia makofi. Hata mimi nina kahawa, na mbolea yangu imewahi kunyeshewa nikalia. Lakini nilijiuliza: huyu mzee anayesoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, ni nani aliyemwambia kwamba hawezi kusoma kitabu?

Mkewe, Mama Ciakuthii, ndiye aliyenieleza, na ruhusa ya kuwaambia nimepewa na yeye. Mzee mwenyewe nitamwomba radhi wakati wa chai. Mnakumbuka Jumapili ya mavuno, vitabu vilipoletwa kanisani kama sadaka, vikapigwa mnada pamoja na ndizi, nduma na majogoo? Sisi watu wa huku tunajua kununua mnadani: tunatafuta mkungu mkubwa, tunatafuta jogoo mzito. Basi na vitabu tukavipima kwa mkono! Dalali wetu Ngari akainua kile kinene kuliko vyote, akapaza sauti, "Hiki ni kizito, nyumba nzima itashiba!" Mzee Kinyua akakipata, akaenda nacho nyumbani kifua mbele.

Kilikuwa *Siku ya Kupima Shamba*, cha Thuranira Kivuti, mwandishi ninayempenda kuliko wote walio hai. Ni kitabu kizuri mno, ila ni cha tatu. Ndugu wawili wanaogombania ardhi walikosana katika kitabu cha kwanza, wakapelekana kortini katika cha pili, na Mzee Kinyua akaingia siku ya hukumu bila kujua nani ni mwana wa nani. Angeelewaje? Nani kati yetu angeelewa? Mama Ciakuthii anasema mumewe alikuwa akirudia ukurasa wa kwanza, akifuata maneno kwa kidole, mpaka siku moja akakiweka juu ya kabati akasema, "Shida ni kichwa yangu. Niliacha shule mapema." Ndugu zangu, hilo liliniuma sana. Mtu aliyesomesha watoto wake wote kwa kahawa alijiona mjinga, kwa sababu sisi tulimuuzia kitabu kama ndizi.

Kwa hiyo nawasihi. Kwa Thuranira, anzeni na *Kaka Amehamisha Mpaka*, kile cha kwanza, chembamba, ambacho mnadani hakuna aliyekigusa. Kendi, hebu mpelekee Mzee Kinyua nakala moja. Ndiyo, sasa hivi. Mzee, pokea tu, hakuna mtihani.

Kwa Kaari Mbaka, wageni wa kutoka Nairobi watawaambia msome *Ukimya wa Mawe*, kwa kuwa kilipata tuzo. Mimi nilisinzia humo, na kufundisha vitabu ndiyo kazi iliyonizeesha! Anzeni na *Mama Amekataa Harusi*. Ni hadithi fupi fupi, kila moja inaisha kabla githeri haijaiva, na akina mama wa Gachoka waliokuja kukiazima walicheka mpaka nikawafungia dirisha.

Na vijana, ninyi mnaye Mukami Gachoki. Najua wazazi mnalalamika, "Mwalimu, hii ni lugha gani?" Ni lugha ya watoto wenu. Anzeni na *Tuma kwa Namba Hii*, habari za msichana wa duka la simu mjini Embu anayejua siri za mtaa mzima. Wazazi, kisomeni pia, mjue wanachekea nini huko nyuma ya nyumba.

Mnaniuliza ninaogopa nini hasa? Ninaogopa mtu mmoja aliyeumizwa na kitabu chake cha kwanza, kwa sababu hatasema ameumizwa, atasema tu kwamba vitabu si vya watu kama sisi, na watoto watamsikia, na mikono itainuka. Jana usingizi uliniruka kwa hilo. Na hata sasa naiona mikono yenu nikishindwa kujua itakwenda wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Utaratibu ni kwamba mtoa hoja asimame, aisome hoja yake, ndipo tupige kura. Mzee Kinyua, karibu.

Mzee Kinyua?

Mama Ciakuthii, usimguse, tafadhali. Mheshimiwa Mwenyekiti, mtoa hoja hasikii. Kutoka hapa naona amefunua ukurasa wa nne, na kama nakumbuka vizuri, hapo ndugu wameanza kushikana mashati. Naomba kura isubiri amalize sura.

Wote mlionipa masikio yenu, nawashukuru kwa moyo wote. Na wewe, Mzee Kinyua, asante sana kwa kutonisikiliza.