Nani Aliiweka Pleti?

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wangu wa chai, kati ya tanuri la mikate na lango la jirani yangu Nusrat, na ukikaa pale unamwona kila anayeingia na kila anayetoka, hata kama hutaki. Wanaokaa pale wanataka. Mimi naitwa Tolib, wao wananiita Birika, na jina hilo sijawahi kulipenda. Jumapili Nusrat aliita msaragambo uani kwake. Gari lake dogo likapandishwa juu ya matofali, giaboksi ikashushwa kwa kamba na boriti ya mti wa aprikoti, klachi mpya ikafungwa, pilau nikaipika mimi, dua ikasomwa. Jioni gari likawaka vizuri kabisa, ila gia haikuingia hata moja. Kila Nusrat akijaribu, meno yalisagana kwa kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Kesho yake akamtolea maneno mkwe wake Ilhom mbele ya watu, kwa kuwa Ilhom ndiye aliyelala chini ya gari siku nzima, na jana akamchukua kwa Ilhom binti yake Sanavbar, mke wa kijana huyo, akamrudisha kwake pamoja na watoto. Leo asubuhi amekuja kukaa benchini, na chai yake imepoa.

Waliokuwepo ni watatu tu zaidi yake. Kulikuwa na Kholmurod, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kulikuwa na Qosim, aliyekuwa tarishi wa mahakama zamani, na tangu alipostaafu anahukumu kesi zote za mtaa, ndiyo maana ni Hakimu. Na kwenye ncha ya benchi, juu ya mto wake mwenyewe, alikaa Babu Sharof, mkubwa wa mtaa mzima, aliyeendesha trekta la shamba la pamoja enzi zile.

Redio: Mimi simsemi mtu.

Hakimu: Sema.

Redio: Basi nasema. Ilhom analitaka lile gari. Amelitaka tangu siku ya harusi. Mlimwona alivyokuwa anaupapasa mlango?

Hakimu: Kila mtu alimwona.

Nusrat: Alikuwa anafuta vumbi.

Redio: Ndivyo anavyoanza mtu, kaka Nusrat, anaanza na vumbi. Leo gari haliendi, kesho unalichukia, keshokutwa unasema, aa, lichukueni tu. Nani yuko karibu kulichukua? Mkwe.

Nusrat: Lakini mimi nilishamwambia nikizeeka litakuwa lake.

Hakimu: Unaona! Umempa sababu. Hataki kusubiri uzeeke.

Nikamimina chai kwenye piyola, vile vibakuli vyetu; kwetu ukimjazia mgeni mpaka juu, unamwambia aende zake. Redio akaiangalia piyola yake kama imemtukana.

Redio: Birika, mbona umenijazia mpaka juu? Unanifukuza?

— Ndiyo, nikasema.

Redio: Basi nipunguzie, bado nina mambo.

Hakimu akajisafisha koo. Akifanya hivyo huwa tunajua kwamba mtu fulani asiyekuwepo atapatikana na hatia.

Hakimu: Tutazame ushahidi. Giaboksi ilitoka saa ngapi?

Redio: Kabla ya adhuhuri.

Hakimu: Ikarudi saa ngapi?

Redio: Baada ya pilau.

Hakimu: Hapo katikati ilikuwa wapi?

Redio: Chini. Kwenye gunia.

Hakimu: Peke yake! Giaboksi imelala kwenye gunia, watu wote wanakula. Na Ilhom, alikula?

Redio: Alikula kidogo.

Hakimu: Mtu amelala chini ya gari tangu asubuhi, halafu anakula kidogo? Alikuwa na haraka ya nini? Mimi nasema ameifungua, akatoa gia nzuri, akatia gia za zamani. Pale sokoni Khujand gia nzuri haikai hata muda wa piyola moja ya chai kabla haijanunuliwa.

Nusrat: Kwa muda ule, Qosim? Aifungue, abadilishe, aifunge, na watu wamejaa uani?

Hakimu: Ndiyo maana nasema hakuwa peke yake.

Hapo nikaona wametazamana, Hakimu na Redio, halafu kila mmoja akatazama pembeni. Mimi Jumapili nilikuwa kwenye sufuria, sikuona walichokuwa wakikifanya kule garini. Lakini nimewamiminia chai watu hawa miaka mingi, na wakiwa na uhakika wanazungumza polepole. Leo walikuwa wanakimbia.

Redio: Na pleti yenyewe? Mimi ile pleti sikuipenda. Ilikuwa inang'aa mno. Pleti ya klachi gani inang'aa hivyo? Ile haikuwa ya gari.

Nusrat: Ya nini basi?

Redio: Mashine ya kufulia.

Nusrat: Kholmurod!

Redio: Nasikia zinafanana. Huyo aliyemuuzia Ilhom ni nani? Unamjua? Ametoka wapi?

Nusrat: Niliinunua mimi mwenyewe.

Redio: Basi ilibadilishwa njiani.

Babu Sharof alikuwa anamenya mbegu za aprikoti kwa vidole vyake vinene. Akaziweka chini.

Babu Sharof: Enzi zetu mtu akiharibu chombo cha wenzake, watu walikuwa hawampi mkono. Anasalimia, unamtazama tu. Anakaa, wewe unainuka. Mwezi mmoja hivyo, anakuja mwenyewe analia.

Hakimu: Sahihi kabisa, Babu.

Babu Sharof: Ninyi mna huruma ya kijinga. Nusrat, umefanya vizuri kumchukua binti yako. Kazi ya watu wote, watu wameacha mashamba yao, mtu mmoja anakuja kuivuruga! Angekuwa mwanangu ningemwambia lala hukohuko chini ya gari.

Nusrat akainamisha kichwa. Nilimhurumia, nasema kweli. Ni mtu wa hasira za haraka, na hasira zake zikiisha anabaki na aibu hajui aiweke wapi. Tangu jana nyumba yake haikuwa na raha, Sanavbar hali, hasemi, anafagia ua uliokwisha kufagiwa, na yule mjukuu mdogo kila dakika anauliza baba yuko wapi. Ukuta wangu na wake ni mmoja, ninasikia.

Nusrat: Mimi nataka kuambiwa kitu kimoja cha kweli. Kimoja tu. Mlikuwepo wote. Mimi nilikuwa langoni napokea wageni. Kama kijana ameharibu kwa makusudi, basi, mimi na yeye tumemalizana. Kama hakukusudia, nimewatenganisha watoto na baba yao bure. Sasa semeni, alikusudia?

Redio: Muulize mwenyewe.

Nusrat: Nilimuuliza! Nikamwambia, wewe ulikuwa chini, wewe ulifunga kila kitu, kosa liko wapi? Akanyamaza. Akaweka mkono kifuani, akanyamaza.

Hakimu: Haya! Sasa mtu asiye na hatia, akiulizwa kosa liko wapi, ananyamaza?

Redio: Ananyamaza kwa sababu akifungua mdomo litatoka lile kubwa zaidi.

Nusrat: Lipi?

Redio akasogea mbele. Akapunguza sauti, yaani akaongea kama watu wengine.

Redio: Kifaa cha kusikilizia.

Nusrat: Nini?

Redio: Ameweka mle ndani ya giaboksi kifaa kidogo, namna hii, kama mbegu. Kinasikiliza. Ukiwa ndani ya gari unazungumza na mkeo, nyumba tutamwachia nani, bustani tutamwachia nani, yeye kwake anasikia yote. Sasa kile kifaa ndicho kinachozuia gia.

Hakimu: Inawezekana kisheria.

— Kwa kelele za lile gari, nikasema mimi, atasikia nini?

Redio: Wewe Birika chemsha maji.

Nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nimjibu, lori la aprikoti likasimama mbele yetu, na dereva wake akashuka akijinyoosha kiuno. Si mtu wa kwetu. Alikuwa wa upande wa Panjakent, namna alivyotamka salamu. Akatushika mikono mmoja mmoja, akaanza kwa Babu Sharof kama adabu inavyotaka, akakaa, nikampa chai na mkate. Redio hakumwacha hata ameze. Akamsimulia yote, gari, klachi, mkwe, mashine ya kufulia, mpaka kile kifaa.

Dereva akamgeukia Nusrat.

Dereva: Injini ikiwa imezimwa, gia zinaingia?

Nusrat: Zinaingia zote.

Dereva: Ukiwasha?

Nusrat: Haiingii hata moja.

Dereva: Basi giaboksi yako ni nzima, kaka. Hakuna mtu aliyeigusa. Hapo mara nyingi ni pleti ya klachi, imewekwa kinyume. Nani aliiweka?

Redio akaitazama piyola yake. Hakimu akaanza kutafuta kitu mfukoni, mfuko wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena. Nusrat akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinua macho. Mimi nikakumbuka kitu. Pilau ilikuwa inakaribia kuiva Jumapili, nikasikia sauti ya Hakimu kutoka kwenye gari: Babu, karibu, wewe ndiye mkubwa wetu, anza wewe. Kwetu kazi ikifika kwenye kiini chake, mkubwa ndiye anayeanza. Akijengwa mtu nyumba, tofali la kwanza analiweka mkubwa. Godoro la bibi harusi likishonwa, mwanamke mkubwa ndiye anayetia uzi wa kwanza.

Babu Sharof: Niliiweka mimi.

Aliisema kwa furaha, amekaa wima.

Babu Sharof: Na kinyume haikuwekwa, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nilisoma Bismillahi, nikaipulizia, nikaiweka kwa mikono yangu. Ile pleti ina upande mmoja bapa, na upande mmoja una kitovu kimevimba, kina springi zake. Huo ndio uso. Uso nikautazamisha mbele.

Dereva: Mbele wapi, mzee?

Babu Sharof: Kwa injini! Gari si linakwenda mbele? Sasa kitu cha kwendea ukigeuze kitazame nyuma, una akili?

Dereva: Kwa injini?

Babu Sharof: Kwa injini.

Dereva akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga vizuri, maana alikuwa mgeni na hajui, na mzee ana miaka themanini na kitu, na hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kumwambia Babu Sharof kwamba amekosea. Dereva akafunga mdomo, akala mkate.

Nusrat akaiweka chini piyola yake.

Nusrat: Babu, na Ilhom alikuwa wapi wakati unaiweka?

Babu Sharof: Chini, pembeni yangu, ameshika taa. Tena alinisumbua. Mara Babu samahani, mara Babu nadhani. Nikamwambia tulia, unanimulika machoni. Akatulia. Kisha akafunga bolti.

Nusrat: Na hawa wawili?

Babu Sharof: Si walikuwepo? Qosim alinishika mkono niiname. Kholmurod alisema, Babu, mikono yako ina baraka.

Nusrat: Alisema hivyo?

Babu Sharof: Alisema. Sasa mbona mmenyamaza? Mgeni ameuliza, nimemjibu. Semeni basi, huyo kijana aliharibu kitu gani?

 Hakimu alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta mfukoni, leso, na akaikunjua na kuikunja. Mimi mwenyewe niliona haya, na wala sikuwa karibu na gari. Mtu amelala chini ya gari anaona kosa linafanyika juu ya uso wake, anaambiwa atulie, anatulia. Kesho yake anatukanwa mbele ya watu kwa kosa hilohilo, anachukuliwa mke na watoto, na neno moja tu lingemwokoa. Hakulisema, ili mzee asiaibike. Na sisi tulikaa hapa tunamtafutia kifaa cha kusikilizia.

Adhana ya adhuhuri ikaita. Babu Sharof akachukua fimbo yake, na Nusrat akainuka haraka akamshika kiwiko.

Nusrat: Babu, kosa ni langu. Ilhom hakuharibu kitu.

Babu Sharof: Kosa lako? Wewe si ulikuwa langoni?

Nusrat: Ndiyo kosa lenyewe. Sikuwepo, na nikahukumu.

Babu Sharof akatikisa kichwa.

Babu Sharof: Nilijua. Yule kijana ana adabu, hawezi kuharibu kitu cha watu. Na wewe ukamchukulia mke! Huna haya, Nusrat. Nenda ukamwombe radhi leo, usingoje kesho. Na mkilifungua tena hilo gari, msianze bila mimi. Pleti nitaiweka mwenyewe.

Nusrat akaweka mkono kifuani.

Nusrat: Bila shaka, Babu.

Mzee akaenda msikitini polepole, akisalimiana na kila mlango. Nusrat hakukaa tena, wala hakuwatazama wale wawili. Akaelekea kwake, na kabla hata hajafika langoni tukasikia sauti yake.

— Sanavbar! Wavalishe watoto viatu, binti yangu. Twende, nawarudisha kwenu.

Ufagio ukaanguka uani. Kisha tukasikia miguu ya watoto inakimbia.

Dereva akasubiri mpaka lango likafungwa, ndipo akanigeukia na kusema chini chini kwamba kile kitovu kinatakiwa kitazame nyuma, kwenye giaboksi, na kwamba ni kazi ya kufungua, kugeuza na kufunga, hakuna kilichoharibika. Redio akasema hata yeye alidhani hivyohivyo. Hakimu akasema alikuwa anangoja wakati wa kulitamka. Nikamwambia Hakimu akale leso yake.

Dereva akainuka, akajipukuta makombo ya mkate, akatazama upande wa msikitini, kisha akatutazama sisi.

Dereva: Na Jumapili ijayo, mkilifungua tena hilo gari na mzee akiwa ameishika pleti mkononi, nani atamwambia aigeuze?

Redio akaniomba chai. Birika lilikuwa tupu, na sikuinuka kulijaza.