Mgeni na Picha Iliyoharibika

Mke wangu alikufa wiki tatu zilizopita. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo nisingekubali kuandika karatasi hii ya kuaga.

Sasa Mgeni. Anastaafu Ijumaa hii. Miaka ishirini na sita amechimba mitaro ya maji na sisi, na jina hilo hatujamvua. Alitoka nchi nyingine, hajui mtaa hata mmoja. Siku ya kwanza alipotea akirudi nyumbani, akazunguka mpaka miguu ikavimba. Siku ya pili alikuja na kamera shingoni.

Akapiga kila kona. Akapiga kila mtaro kabla hatujafukia, akihakikisha ukuta wa jirani unaonekana. Tulimcheka.

"Mgeni, bomba nalo linataka pasipoti?"

Sisi wenyeji tulitumia vichwa. Bomba liko wapi? Hatua kumi toka duka la kijani.

Duka likapakwa nyeupe, halafu likabomolewa. Bomba likapasuka. Tukachimba siku mbili, kila mtu na pake. Mgeni akaleta picha, akaonyesha ukuta, tukalipata kabla ya chai. Toka siku hiyo hafukii mtu kabla Mgeni hajapiga. Siku hizi mtaa ukitupotea, tunamuuliza yeye.

Ubaya wake mmoja: hakutaka watu kwenye picha. Hata bosi alifukuzwa mbele ya kamera. Mke wangu ndiye aliyemshinda. Siku moja aliniletea chakula mtaroni, akaambiwa asogee.

"Shemeji, mimi nimezaliwa mtaa huu. Sogea wewe."

Mgeni akapiga hivyohivyo, akanuna mpaka jioni.

Baada ya mazishi nilikuwa na picha ya kitambulisho tu. Binti yangu akakataa kuitundika.

"Baba, huyu si mama. Mama alikuwa anacheka."

Mgeni alikuwa amekuja kutoa pole, akasikia. Akafungua maboksi yake yote, siku nne. Akaja nayo. Mtaro, bomba, na mke wangu kasimama katikati, sufuria mkononi, mdomo wazi kwa kicheko. Nyuma Mgeni kaandika jina la mtaa, tarehe, na neno moja: imeharibika.

Iko ukutani sasa.

Asante, Mgeni. Pumzika, mgongo upoe, na ukipita karibu na mtaro wetu usitupite kimya.

Kamera ametuachia. Bosi kasema niibebe mimi. Kesho narudi kazini. Watu sitawafukuza.