Marehemu Desimir Jokanović na Kutu Aliyoinyamazia

Baba Padri, wafiwa wenzetu, majirani wa mtaa wa juu na wa chini, na nyinyi mliotangulia kuuliza kama kuna nyama ya moshi, tulizeni miguu, maana haya ni maisha ya Desimir Jokanović, fundi wa bodi za magari hapa mjini Užice, na yatasomwa yote, pamoja na ile sehemu ambayo kum wake Vitomir, msimamizi wa ndoa yake, huyo aliyeketi mstari wa mbele, anaiomba familia tangu jana iiruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1946, katika kijiji cha Ravni, mtoto wa tatu wa mzee Tanasije na mama Krunija, theluji ikiwa imefika madirishani, mkunga akaletwa kwa kigari cha kuteleza thelujini kilichovutwa na ng'ombe, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitoka amekunja uso na hakuukunjua mpaka alipopewa nyundo.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1953, akashuka mjini mwaka 1961 kujifunza kazi ya bati, ambako mwalimu wake alimzaba kofi kwa kupaka rangi juu ya kutu, kofi moja tu, naye akasema lilimtosha maisha yake yote.

Mwaka 1964 aliajiriwa kwenye karakana ya mabasi, na mwaka 1979 akafungua karakana yake uani kwake, na hapo ndipo watu walipomchukia vizuri, kwa sababu mtu alimletea gari Jumatatu lipigwe rangi kwa harusi ya Jumamosi, Desimir akaligongagonga kwa mpini wa bisibisi huku ametega sikio, akasikia palipooza, akakata, akaendelea kukata mpaka akutane na chuma kizima, na Jumamosi bwana harusi akaenda kanisani kwa basi, gari lake likiwa halina sakafu. Lakini gari alilolikata yeye, akalichomelea bati jipya, akalipaka rangi ya kuzuia kutu na kulimiminia nta ya moto ndani kwa ndani, halikurudi tena kwa ugonjwa huo, na wapo hapa waliomtukana ambao hadi leo wanayaendesha magari hayo.

Alifunga ndoa tarehe 26 Septemba 1970 na Stamena, aliyemwacha karani wa benki kwa ajili yake, na mama wa karani yule hakutusalimia mpaka alipokufa. Aliyesimamia ndoa ni Vitomir, dereva wa basi, ndiye kum, na tangu hapo wawili hao wakaitana kum, ndiye baadaye aliyewasimamia watoto kwenye ubatizo, Ljubinka aliyezaliwa mwaka 1972 na Radoje wa mwaka 1975 aliyeko Austria, na kwetu kum hakataliwi neno, hata akisema mvua ni kavu. Mwaka huohuo wa ndoa walinunua Fića, lile gari dogo jeupe, likawa la Stamena hasa, na Stamena alipofariki mwaka 2011, Desimir alilitunza kana kwamba mkewe bado anamwuliza habari zake, kila masika akiliosha tumboni chumvi ya barabara za theluji, na kila vuli akizibua vile vitundu vya chini ya milango vinavyotoa maji, kwa sindano ya kufumia ya marehemu mkewe.

Sasa tufike mahali pa kurukwa. Mwezi Mei 2019 Desimir alilazwa kwa upasuaji wa nyonga, na Vitomir, bila kuuliza mtu, akachukua ufunguo msumarini, akampelekea mpwa wake gari, ili Desimir akirudi akute zawadi na aingie nayo kwenye maandamano ya magari ya zamani. Palipokuwa na kutu kidogo wakajaza puti, ule udongo wa kuzibia bodi, tumboni wakapaka lami nene, vitundu vyote wakaviziba kwa lami hiyohiyo, kisha juu wakamwaga rangi nyeupe ya kung'aa, na mtu anayepaka nywele zake rangi nyeusi kila mwezi mnashangaa nini akilifanyia gari hivyohivyo.

Desimir alirudi kwa magongo, akakuta mtaa mzima umejaa, kinanda cha mkono kinalia, mwanakondoo yuko motoni. Alilizunguka gari, akaligonga chini ya mlango kwa kidole, likajibu kama mkate.

"Sema basi, kum," Vitomir akamwambia mbele ya watu, "si linang'aa kuliko siku ya harusi yako?"

"Linang'aa, kum. Asante," akajibu, akainywa yote rakija yake, ile pombe kali ya matunda.

Ndani ya nyumba Ljubinka, ambaye baba yake alimfundisha kukata na kuchomelea, aliomba aanze kulifumua siku ileile kabla maji hayajafungiwa humo, akakataliwa. "Mtaa utasema nimemtupia kum zawadi usoni," baba alisema. "Nikiwa hai, hapana." Basi gari likakaa majira matatu ya baridi likinywa maji bila pa kuyatoa, na mzee akilitazama kutoka dirishani, hali anajua dawa yake na mikono ya kuitia anayo bintiye. Tulimkasirikia, na leo hatuongopi kwa sababu amekufa.

Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu, uliotokana na vumbi la msasa na moshi wa kuchomelea aliouvuta tangu ujana akiwa amejifunga leso mdomoni, kwani barakoa alisema ni ya madaktari. Alianza kukohoa vuli ya mwaka 2021, na Februari iliyofuata rangi ya gari ikaota malengelenge, mlango ukachuruzika maji ya kahawia, na Vitomir akaja kumjulia hali akiwa na kikopo cha rangi, akayapaka malengelenge, moja moja, akaenda zake ameridhika. Tarehe 3 Novemba 2022 marehemu alimwita Ljubinka akamwambia, "Nimemstahi kum kuliko nilivyomstahi mama yako. Nikishafukiwa, kateni." Alifariki tarehe 6 Novemba, alfajiri, nyumbani.

Jana Vitomir alileta maua ayafunge kwenye gari ili litangulie jeneza, akakuta gurudumu moja limelala, akapiga jeki mwenyewe chini ya mlango, mbele ya waombolezaji, jeki ikapanda, gari halikupanda, bati likapasuka kama ganda la yai, na kutu na maji vikamwagikia viatu vyake. Akasema, "Nilitaka afurahi tu." Leo jeneza limetangulia lenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mapafu, majirani walioleta kuni, ngano iliyopikwa na viti, wafanyakazi wa karakana yake ya zamani ya mabasi walioacha zamu kuja kumbeba, na wewe Vitomir, uliyelia kuliko wote, tunakushukuru kwa machozi, nayo hayatoshi. Kesho asubuhi Ljubinka anaanza kukata, naye anahitaji mtu wa kumshikia bati, barabarani, mtaa uleule uliojaa siku ile ya zawadi ukiona. Kum hakataliwi neno, lakini leo neno ni letu kwako, nalo ni hilo, njoo na nguo za kazi, na barakoa uvae.

Desimir, lala kwa amani, huko hakuna wa kumstahi.