Tarehe Nilizozibuni

Ndugu zangu, wekeni kando hayo makofi kwanza, mtayajutia. Mchungaji amenitambulisha vizuri mno: hakimu wa zamani kule Kenya, wakili mpya hapa Birmingham, diwani mtarajiwa. Amesahau miaka niliyochambua takataka kiwandani kule Tyseley, nikiwa na shahada mbili na glavu zilizotoboka.

Nchi hii ilinikasirisha. Nimeamua kesi za watu, halafu binti wa ofisi ya ajira ananiuliza kama najua kusoma! Ni hapa kanisani tu mliponiita Mheshimiwa, na mimi nikavimba kichwa.

Basi mama mmoja, mwenzetu kutoka Kongo, akaniletea karatasi zake za kuomba hifadhi. Hapa kutoa ushauri wa uhamiaji bila kibali ni jinai. Nilijua. Nikamwambia, "Keti, mama." Nikamuuliza askari aliowakimbia walikuja kijijini kwao lini. Akasema mihogo ilikuwa inang'olewa. Nawaambia ukweli, niliona haya kupeleka mihogo mbele ya Waingereza. Nikaandika tarehe. Nikaongeza nyingine, mambo yapangike. Akatia sahihi bila kusomewa. Kosa hilohilo nililowafokea polisi mahakamani kwangu!

Kwenye mahojiano akasema mihogo. Karatasi ikasema Machi. Watu wa uhamiaji wakamwandikia kwamba ni mwongo, ajiandae kurudishwa.

Alinikuta jikoni hapo nyuma baada ya ibada, nina sahani ya pilau.

"Papa Juji, mwezi wa tatu ulitoka wapi?"

"Mama, sheria inataka tarehe."

"Sheria ilikuwaka kwetu ile siku? Nilikuwaka mimi. Uende ubaambie ni weye."

Nyumbani mke wangu hakunibembeleza. "Ukienda, huo uwakili unaoutafuta umeisha. Usipoenda, utalala kwenye kochi mpaka Yesu arudi."

Nikaenda. Kwenye rufaa ya mama, mwanasheria wa serikali akaniuliza, "Kwa hiyo ulizibuni?"

"Nilizibuni."

"Na ulikuwa hakimu?"

"Nilikuwa."

Akaandika polepole, makusudi. Mama alikuwa nyuma yangu, sikuthubutu kugeuka.

Mama akaruhusiwa kukaa. Mimi nikachunguzwa, nikaonywa, nikachambua takataka miaka mingine mitatu kabla ya kukubaliwa uwakili. Ilinistahili.

Hasira haijaisha, msidhani. Mtu anakimbia risasi, halafu anaitwa mwongo kwa kuwa hakubeba kalenda! Lakini wao hawakumjua yule mama. Mimi nilimjua, nilikula chakula chake, na bado niliona maneno yake hayatoshi.

Mama, uko pale karibu na mlango, usijifunike na kitenge. Asante. Ulinidai ukweli bila kunitukana. Mke wangu, asante, hata kwa lile kochi. Kuhusu udiwani, mmesikia nilichofanya, pimeni wenyewe.

Na ninyi mnaoleta karatasi zenu: usitie sahihi kabla hujasomewa neno kwa neno, kwa lugha unayoongea ndotoni. Anayekuandikia akisema hana muda, hata akiwa ni mimi, mnyang'anye karatasi uondoke.